Signal, WhatsApp, Zoom na wenzao: ipi inalinda mazungumzo yako ya video, na polisi wanaweza kupewa nini

Hapa Lamu simu ya video imekuwa chombo cha kazi na cha udugu kwa pamoja. Wavuvi wa Faza na Kizingitini hukutana kwa njia hiyo na mawakili walioko Malindi au Nairobi, mgonjwa wa Siyu hupata ushauri wa daktari bila kusubiri boti, na familia ambayo nusu yake iko Mkomani na nusu iko Maskati au Dubai hufanya kikao cha posa au cha mirathi kila mtu akiwa kwake. Programu inayotumika huchaguliwa mara nyingi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ndiyo iliyomo tayari kwenye simu ya mwenzako. Sababu hiyo ina uzito wake, lakini katika kaunti hii haitoshi. Tulizika watu wa Mpeketoni mwezi Juni 2014, na tangu 2015 tumeishi jirani na operesheni ya usalama katika msitu wa Boni. Na mwezi Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu vitisho na ukamataji uliowapata wanaharakati wa hapa waliokosoa LAPSSET, mradi mkubwa wa serikali wa bandari na njia za uchukuzi. Anayeishi Lamu hahitaji kufundishwa kwamba polisi wana kazi halali ya kuzuia mauaji, wala hahitaji kufundishwa kwamba mamlaka ya kusikiliza watu yakikosa mipaka huwaangukia wasio na hatia.

Kipimo nilichotumia

Karibu kila kampuni hutangaza kwamba mazungumzo yake yamesimbwa, na tangazo hilo peke yake halimsaidii mtu kuchagua. Kuna usimbaji fiche wa njiani, ambapo picha na sauti hufichwa kutoka simu yako hadi seva (kompyuta kuu) za kampuni, kisha hufichwa tena kuelekea kwa mwenzako, huku kampuni yenyewe ikiwa na ufunguo. Na kuna usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, ambapo funguo huzaliwa na kubaki ndani ya simu za wanaozungumza, na seva hupitisha kitu isichoweza kukifungua. Hali hii ya pili ni kama barua iliyofungwa kwa lakiri na kukabidhiwa nahodha wa jahazi: nahodha hakujua kilichoandikwa, ila alijua fika ni nani aliyempa, ni nani wa kupokea, na ni siku gani aling'oa nanga. Ujuzi huo wa nahodha ndio unaoitwa metadata, na kwa mpelelezi una thamani kubwa, maana orodha ya watu uliowapigia simu usiku wa tukio inaweza kueleza mengi hata kama hakuna neno lililosikika.

Kwa hiyo programu zote hapa chini nimezipima kwa swali moja. Siku ambayo ofisa wa upelelezi atafika kwa kampuni akiwa na amri halali ya mahakama, kampuni itakuwa na nini mkononi cha kumpa? Kampuni isiyo na kitu haiwezi kulazimishwa kukitoa, hata wakuu wake wakiwa waoga. Na kampuni yenye kila kitu italazimika kutoa, hata wakuu wake wakiwa watu wema.

Sheria yetu inaruhusu nini

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka, na mipaka mingi iko katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: kifungu cha 48 kinahusu upekuzi na uchukuaji wa data iliyohifadhiwa, cha 50 kinahusu amri ya kumtaka mtu au kampuni itoe data, cha 52 kinahusu ukusanyaji wa taarifa za mawasiliano yanapoendelea, na cha 53 kinahusu kunasa maudhui yenyewe. Vyote vinapitia mahakamani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 nayo, katika kifungu cha 36, inawataka polisi wanaotaka kunasa mawasiliano waende Mahakama Kuu.

Kinachonitia wasiwasi ni kifungu cha 36A, kilichoongezwa na marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014, ambacho kinaviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kugundua na kuvuruga ugaidi kwa kufuata taratibu zinazowekwa na waziri. Mahakama Kuu ilipofuta vifungu vinane vya marekebisho yale mwezi Februari 2015, hiki ilikiacha. Kwa mkazi wa Lamu, ambako neno ugaidi hutajwa haraka kuliko Nyeri au Kisii, kifungu hiki ni cha kukumbukwa wakati wa kuchagua.

Amri ya mahakama ya Kenya huifikia moja kwa moja kampuni ya simu iliyoko Nairobi. Simu ya kawaida na SMS hazina usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kampuni huweka kumbukumbu ya nani alimpigia nani na kupitia mnara gani, na laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa siri, simu ya kawaida ndiyo dhaifu kuliko zote nitakazozitaja. Kampuni zilizoko Marekani ziko mbali zaidi. Serikali ya Kenya ikitaka maudhui kutoka kwao, kwa kawaida hupitia njia ya kusaidiana kisheria baina ya nchi, ambayo kwa upande wetu inaongozwa na sheria ya 2011, na njia hiyo ni ndefu. Uingereza na Australia zina mikataba maalumu na Marekani chini ya sheria yake ya 2018 inayofupisha safari hiyo, Kenya haimo. Hata hivyo umbali si ulinzi wa kutegemea, kwa sababu mikataba hutiwa saini na serikali hubadilika, ilhali kitu kisichohifadhiwa hakipatikani chini ya serikali yoyote.

Signal na WhatsApp

Hizi mbili ndizo zinazostahili kuwekwa ubavu kwa ubavu kwa makini, kwa sababu zote zinasimba simu za video mwisho hadi mwisho, za watu wawili na za kikundi, bila mtumiaji kuwasha chochote, na teknolojia ya usimbaji wa ujumbe inayotumiwa na WhatsApp tangu Aprili 2016 ilitoka kwa watengenezaji wa Signal wenyewe. Anayeuliza ni ipi inayosikika na wengine wakati mazungumzo yanaendelea, jibu ni kwamba kampuni zote mbili hazina ufunguo wa kusikiliza.

Tofauti iko kwa nahodha. Mwaka 2016 Signal ilipokea samansi kutoka kwa waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walioko Virginia, wakitaka taarifa za watumiaji. Ilichoweza kutoa ni tarehe ambayo akaunti ilifunguliwa na tarehe ya mwisho ambayo iliunganishwa na seva. Samansi nyingine ilikuja 2021 kutoka California, na jibu likawa lilelile. Haikuwa ukaidi mbele ya mahakama. Kabati lilikuwa tupu kwa sababu mfumo ulijengwa hivyo. Signal ni mali ya wakfu usiotafuta faida ulioanzishwa 2018, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua.

WhatsApp ni mali ya Meta, kampuni yenye Facebook, na kabati lake si tupu. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba, kulingana na aina ya amri, inaweza kutoa jina, tarehe ya kuanza kutumia, mara ya mwisho kuonekana, anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa mtandao), picha ya wasifu, taarifa za vikundi na orodha ya namba zilizomo katika simu yako. Waraka wa ndani wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wa Januari 2021, uliofichuliwa baadaye mwaka huohuo, ulionyesha kwamba kwa amri inayofaa WhatsApp huweza kuwapa wapelelezi wa Marekani taarifa za nani anawasiliana na nani kila baada ya dakika 15, bila maudhui. Waraka huo huo ulisema kwamba mtu mwenye iPhone aliyeweka nakala rudufu (nakala za akiba) za WhatsApp katika iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, anaweza kukutwa na ujumbe wake humo, kwa sababu nakala hizo hazikuwa chini ya usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inakuruhusu kuisimba nakala rudufu kwa nenosiri lako, lakini ni lazima uiwashe mwenyewe katika mipangilio, na watu wengi niwaonao hawajaiwasha. Simu ya video yenyewe haihifadhiwi. Yanayobaki ni ujumbe uliotumwa kabla na baada yake, ambao mara nyingi ndio unaoeleza mazungumzo yalihusu nini.

Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba simu ya video ya WhatsApp ilitumiwa kupandikiza programu ya kijasusi ya Pegasus ya kampuni ya NSO katika simu za watu wapatao 1,400, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki, bila mlengwa hata kupokea. Kasoro ilizibwa, WhatsApp ikafungua kesi, na mwezi Mei 2025 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani huko California likaiamuru NSO ilipe zaidi ya dola milioni 167 za adhabu, kiasi ambacho jaji alikipunguza sana baadaye. Hoja yangu hapa si kuilaumu WhatsApp peke yake, maana kifaa kikishaingiliwa, anayekidhibiti anaweza kusoma na kusikia kabla usimbaji haujafanyika, na Signal haina kinga dhidi ya hilo. Mwezi Februari 2025 watafiti wa Google walieleza jinsi wadukuzi wanaohusishwa na Urusi walivyowalaghai watumiaji wa Signal wakaskani msimbo wa QR uliounganisha akaunti zao na kifaa cha mdukuzi. Fungua mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa, katika programu zote mbili, na uondoe usichokitambua.

Kasoro za Signal ni za kijamii. Unamwomba mama mzee wa Langoni apakue programu mpya ili akuone, na pengine hatafanya hivyo. Usajili bado unahitaji namba ya simu, ingawa tangu Februari 2024 unaweza kumficha mwenzako namba hiyo kwa kutumia jina la mtumiaji. Zote mbili, katika simu ya watu wawili, zinaweza kumwonyesha mwenzako anwani yako ya IP, na zote zina mpangilio wa kupitisha simu kwenye seva zao ili kuificha, kwa gharama ndogo ya ubora wa picha. Kwa mtandao wa data wa visiwani, ambao jioni hulegea, gharama hiyo huonekana.

Zoom, na maneno ya mkuu wake

Zoom ina historia inayofundisha kuliko programu nyingine yoyote katika ulinganisho huu. Mwezi Machi 2020, dunia ilipokuwa inajifungia ndani, iligundulika kwamba kampuni ilitangaza usimbaji wa mwisho hadi mwisho ilhali haikuwa nao. Funguo za mikutano zilikuwa mikononi mwake, na watafiti wa Citizen Lab wa Toronto wakaonyesha kwamba baadhi ya funguo zilipitia seva zilizoko China. Mwezi Novemba mwaka huo Zoom ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani kuhusu madai hayo ya uongo. Ni haki kuongeza kwamba Zoom ilitamka wakati ule kuwa haijawahi kujenga njia ya kufungua mikutano inayoendelea kwa ajili ya kuwasikilizisha polisi.

Mwezi Juni 2020 mkuu wake, Eric Yuan, aliwaambia wawekezaji kwamba usimbaji wa kweli ungetolewa kwa wateja wanaolipa tu, na wale wa bure wasipewe, ili kampuni iweze kushirikiana na FBI na polisi ikiwa kuna watakaoitumia kwa uovu. Watu walikasirika, na ndani ya majuma machache kampuni ikageuza msimamo: kila mtu angepata, na wa bure angethibitisha namba ya simu kwanza. Huduma ikafunguliwa Oktoba 2020.

Maneno yale ya Yuan hayakuwa ya kipuuzi. Kulikuwa na watu waliotumia mikutano ya video kudhuru watoto, na mzazi yeyote wa hapa angetaka wakamatwe. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba umaskini ni dalili ya uhalifu, kana kwamba mhalifu hawezi kulipia akaunti. Na kosa kubwa zaidi, ambalo wabunge wa nchi nyingi wanalirudia, ni kudhani kwamba mlango uliotengenezwa kwa ajili ya polisi utatumiwa na polisi peke yao. Kule Ugiriki, mwaka 2004 na 2005, watu wasiojulikana waliingia katika sehemu ya mitambo ya kampuni ya simu iliyowekwa kwa ajili ya unasaji halali, wakasikiliza simu za waziri mkuu na za maofisa wapatao mia moja. Mwaka 2024 Marekani iligundua kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walizifikia taarifa za mifumo ya unasaji halali ndani ya kampuni zake za simu, na kufikia Desemba maofisa wa usalama walewale waliolalamikia usimbaji kwa miaka mingi walikuwa wakiwashauri raia watumie programu zilizosimbwa. Mimi naunga mkono polisi wenye hati ya jaji kupekua simu ya mshukiwa mmoja. Sikubali kwamba ili wampate huyo mmoja, simu za watu wote zidhoofishwe.

Turudi kwenye kuchagua. Mkutano wa kawaida wa Zoom leo bado unatumia funguo zinazotengenezwa na seva za kampuni. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho lazima uwashwe na mwenye mkutano, na ukiwashwa, kurekodi kwenye seva za Zoom, manukuu ya moja kwa moja na kujiunga kwa simu ya kawaida hupotea. Kila mshiriki lazima atumie programu yenyewe, si kivinjari. Utajua umewashwa kwa kuona ngao ya kijani yenye kufuli, na mwenyekiti anaweza kuwasomea wote msimbo wa usalama ili wahakikishe kwamba wanaona uleule. Na usisahau kwamba kurekodi kwenye seva ni kuiachia kampuni maudhui kamili ambayo amri ya mahakama inaweza kuyachukua. Kuna jambo lingine: mwezi Desemba 2020 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mfanyakazi wa Zoom aliyekuwa China kwa kuvuruga mikutano ya kuwakumbuka waliouawa katika uwanja wa Tiananmen, Beijing, mwaka 1989. Aliyeshika seva anaweza kuuvunja mkutano wako hata asipousikiliza.

Nyinginezo kwa ufupi

Google Meet ni nyepesi na hufunguka bila shida, ila mikutano yake ya kawaida husimbwa njiani tu, na ufunguo uko kwa Google. Naiona inafaa kwa darasa au mhadhara ambao ungeweza kufanyika hadharani, na mwisho wake ni hapo.

FaceTime ya Apple imesimbwa mwisho hadi mwisho na inabeba watu 32, lakini ni ya wenye vifaa vya Apple. Tangu 2021 mwenye Android anaweza kujiunga kwa kiungo tu, bila uwezo wa kuanzisha.

Telegram hudhaniwa na vijana wengi kuwa ndiyo ya siri kuliko zote, na dhana hiyo naipinga kwa nguvu. Gumzo lake la kawaida halina usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Simu ya video ya watu wawili inao, na unaweza kuthibitisha kwa kulinganisha emoji nne, lakini kila kinachoandikwa kabla na baada yake kiko kwenye seva za kampuni. Baada ya mwanzilishi wake, Pavel Durov, kukamatwa Ufaransa Agosti 2024, kampuni ilibadili masharti ili iweze kutoa anwani za IP na namba za simu za wanaovunja kanuni zake, ikipokea ombi halali la kisheria. Isitoshe, mwezi Novemba 2024 mamlaka ya mawasiliano hapa Kenya iliziagiza kampuni za simu ziifunge wakati wa mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari, na mkutano wako ungeweza kuangukia siku hizo.

Jitsi ni tofauti na zote, kwa kuwa ni programu huria ambayo shirika linaweza kuiweka kwenye seva yake lenyewe. Kikundi chenye fundi wa kuaminika kingeamua chenyewe kiweke kumbukumbu gani na kifute gani. Bila fundi, siishauri. Seva isiyotunzwa ni hatari kuliko ya kampuni kubwa.

Nani achukue ipi

Wakili na mteja wake, mwandishi wa habari na anayempa habari, na kamati inayojadili kesi dhidi ya mradi mkubwa wa serikali watumie Signal, na wasibishane. Wawashe ujumbe unaojifuta, wathibitishe nambari ya usalama uso kwa uso wanapokutana, na simu zao zifungwe kwa namba ya siri ndefu badala ya alama ya kidole, kwa sababu kinachopekuliwa zaidi katika kaunti hii ni simu yenyewe iliyo mfukoni. Kamati ikumbuke pia kuhakikisha kila jina lililo kwenye kikundi kabla ya kuanza: mwezi Machi 2025 maofisa wakuu wa Marekani walijadili mipango ya vita ndani ya Signal huku mhariri wa jarida akiwa ameingizwa kwenye kikundi kimakosa.

Daktari na mgonjwa wanaweza kutumia WhatsApp endapo nakala rudufu imesimbwa pande zote mbili, na picha za vidonda au vipimo zifutwe baada ya ushauri. Mkutano mkubwa wa kijiji na wataalamu wa mbali uende Zoom, usimbaji ukiwashwa pale ambapo majina ya watu yatatajwa, na usirekodiwe kwenye seva.

Familia zenye ndugu katika Falme za Kiarabu zina tatizo la peke yake. Simu za WhatsApp na FaceTime huzuiwa huko, na zinazoruhusiwa ni programu zenye leseni ya serikali, kama Botim, ambazo kwa hakika siwezi kuziweka daraja moja na Signal. Usimshauri nduguyo akwepe kizuizi kwa VPN (programu ya kuficha njia yako ya mtandao) bila yeye kujua kwamba sheria ya huko ya 2021 inaweka faini ya kuanzia dirham 500,000 kwa anayeficha anwani yake ya IP ili kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe. Ujumbe wa WhatsApp, ukiwemo wa sauti, hupita kama kawaida na umesimbwa. Basi yanayohusu hati za shamba, mirathi, au kesi yatumwe kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na Botim itumike kuonana na kujuliana hali.